Daraja A, AB au D? Kuchagua amplifaya ya kujijengea kwa kuanza na joto lake

Anayetaka kujijengea amplifaya kwa kawaida huanza na swali la wati: nitafute 20, 50 au 100? Ni swali halali, ila wengi waliolianza nalo wameishia na bodi iliyoungua au boksi lisiloshikika kwa moto. Wati za sauti si ngumu kuzipata. Kazi iko kwenye wati zisizofika kwenye spika, zile zinazobaki ndani ya transista na ambazo lazima zitoke kupitia aluminiamu hadi hewani. Kwa hiyo kabla ya kununua hata rezista moja, amua kwanza boksi lako litaweza kutoa joto kiasi gani kwa muda wote litakaokuwa limewashwa. Jibu hilo litakuondolea nusu ya machaguo.

Hapa tunalinganisha njia tatu ambazo mjenzi wa nyumbani anaweza kuzimaliza: daraja A (transista hupitisha mkondo mzima muda wote) kwa muundo wa John Linsley Hood, daraja AB (transista mbili hupokezana zamu) kwa chipu ya LM3886, na daraja D (transista huwaka na kuzima haraka sana) kwa chipu ya TPA3116D2. Zote zinachukuliwa kuwa na chaneli mbili na spika za omu 8.

## Vigezo

Kila moja inapimwa kwa mambo yaleyale: joto inalotoa ikiwa kimya na ikiwa inapiga, hitisinki (kipande cha aluminiamu chenye mapezi ya kutoa joto) na boksi inalodai, umeme unaohitaji, ugumu wa kuijenga na kuiwasha mara ya kwanza, kinachoharibika na sababu yake, sauti, na mtu inayemfaa. Bei haimo, kwa sababu hitisinki iliyotolewa kwenye mashine mbovu inaweza kugeuza hesabu yote.

## Kwanza, hesabu ya joto

Joto hupita hatua tatu. Hutoka kwenye kiini cha silikoni hadi mgongo wa transista, kisha hupita maika (karatasi nyembamba isiyopitisha umeme) au pedi hadi kwenye hitisinki, halafu hutoka kwenye mapezi hadi hewani. Kila hatua ina ukinzani wake, unaoandikwa kwa nyuzi kwa wati (°C/W). Wati 20 zikipita kwenye ukinzani wa 2 °C/W, upande wa ndani utakuwa na nyuzi 40 zaidi ya upande wa nje. Jumlisha ukinzani wa hatua zote tatu, zidisha kwa wati, ongeza joto la hewa iliyo ndani ya boksi, utapata joto la kiini.

Hatua ya kati ndiyo inayodharauliwa zaidi. Kwenye mgongo mpana kama wa LM3886 au wa transista za TO-3 (zenye ganda pana la chuma), maika nyembamba iliyopakwa grisi ya joto pande zote mbili huongeza takriban 0.5 °C/W. Pedi ya kawaida ya silikoni hukaribia 1. Maika kavu ni mbaya kuliko zote mbili, maana mikwaruzo midogo ya chuma hubaki imejaa hewa. Grisi yenyewe haipitishi joto vizuri kama chuma; kazi yake ni kujaza mikwaruzo hiyo tu. Paka utando ambao rangi ya chuma bado inaonekana chini yake. Ukiona imefurika pembeni baada ya kukaza skrubu, ulipaka nyingi mno.

Hatua ya tatu ni hitisinki, na hapa tatizo ni kwamba vipande vingi vya mitumba havina karatasi ya vipimo. Kipime mwenyewe. Chukua rezista ya omu 10 ya wati 50, yenye ganda la aluminiamu, uifunge katikati ya hitisinki kwa grisi na skrubu mbili. Simamisha hitisinki kama itakavyokaa kwenye boksi, mapezi yakiwa wima. Ipe rezista volti 12: itatoa wati 14.4. Subiri dakika 45 hadi saa moja, hadi kipimajoto kiache kupanda, kisha soma joto la hitisinki karibu na rezista na joto la chumba. Tofauti ikiwa nyuzi 20, gawa kwa 14.4: hitisinki yako ni ya 1.4 °C/W. Ikibeba wati nyingi zaidi itafanya vizuri kidogo kuliko hapo, kwa sababu hewa hupanda kwa kasi kadiri mapezi yanavyozidi kuwa ya moto. Kwa hiyo kipimo hiki kinakuweka upande wa usalama.

Mapezi lazima yasimame wima ili hewa ya moto ipande kati yake. Ukiyalaza, unapoteza sehemu kubwa ya uwezo uliolipia. Hitisinki iliyo ndani ya boksi inahitaji matundu chini yake na juu yake, pande zote mbili: matundu ya juu peke yake hayasaidii kama hewa baridi haina pa kuingilia. Miguu ya boksi iwe na urefu wa angalau sentimita moja na nusu. Aluminiamu iliyotiwa rangi nyeusi kiwandani hutoa mionzi ya joto vizuri zaidi kuliko ile inayong'aa, na tofauti hiyo huonekana pale ambapo hakuna feni.

## Daraja A: muundo wa John Linsley Hood

Muundo huu wa wati 10 ulichapishwa mwaka 1969 katika jarida la Wireless World la Uingereza, na watu hawajaacha kuujenga. Una transista nne tu kwa kila chaneli, mbili zikiwa za kutoa nguvu.

Joto. Kwa spika ya omu 8 unahitaji volti 27 na mkondo wa ampea 1.2 kwa kila chaneli. Zidisha: wati 32 kwa chaneli, takriban 65 kwa zote mbili, tangu unapowasha hadi unapozima. Transista huwa za moto zaidi muziki ukiwa kimya, kwa sababu hakuna sehemu ya nguvu hiyo inayokwenda kwenye spika. Kupunguza sauti hakupozi chochote. Anayeacha amplifaya hii imewashwa siku nzima anaendesha hita ndogo chumbani.

Hitisinki na boksi. Tuseme chumba kina nyuzi 30 na hutaki hitisinki izidi 60, kiwango ambacho mkono huweza kugusa lakini si kushikilia. Una nyuzi 30 za kugawa kwa wati 65: unahitaji 0.46 °C/W kwa jumla, yaani vipande viwili vikubwa vya takriban 0.9 °C/W, kimoja kila ubavu, nje ya boksi. Kila transista ya nguvu hubeba wati 16 hivi. Kwa 2N3055, transista ya nguvu yenye ukinzani wa ndani wa takriban 1.5 °C/W, ukijumlisha maika unapata kiini chenye nyuzi 92. Kiko salama kabisa. Kinacholazimisha hitisinki kubwa hapa ni vidole vya watu na kapasita zilizo karibu, transista yenyewe ingevumilia zaidi.

Umeme. Amplifaya inavuta ampea 2.4 bila kupumzika, kwa hiyo kila udhaifu wa pawa saplai unasikika. Kapasita ya 20,000 µF kwenye umeme wa 50 Hz itakuachia wimbi la volti 1.2, na wimbi hilo ni mlio wa "hmm" kwenye spika. Wajenzi wengi huongeza transista moja inayofanya kazi ya kuzidisha kapasita. Inakula volti 3 hivi, nayo inatoa wati 7 za joto zinazohitaji mahali pa kwenda. Rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa AC kuwa DC) nayo inatoa wati 4 hadi 5. Tumia ile ya mraba ya ampea 35 yenye mgongo wa chuma, uifunge kwenye sakafu ya boksi kwa grisi. Transfoma ya volti 24 na 160 VA inatosha. Ile ya 100 VA itawaka moto na kunguruma, kwa kuwa rektifaya inavuta mkondo kwa mapigo makali, wala si kwa utaratibu.

Ujenzi. Vipande ni vichache, lakini kuna marekebisho mawili: volteji ya katikati (nusu ya umeme, yaani volti 13.5) na mkondo. Yanategemeana, na yote mawili husogea kadiri transista zinavyopata moto. Weka mkondo chini mwanzoni, ampea 0.8 hivi, subiri nusu saa, pandisha, subiri tena, kisha maliza marekebisho hitisinki ikiwa imetulia kwenye joto lake la kawaida. Anayerekebisha dakika tano baada ya kuwasha hujikuta na ampea 1.5 saa moja baadaye. Balbu ya mfululizo (balbu iliyounganishwa kwenye njia ya umeme unaoingia), ambayo ni kinga nzuri ya kuwashia kifaa kipya, hapa inakudanganya kidogo: itaendelea kuwaka hata kama hakuna kosa, kwa sababu mzigo ni wa kudumu.

Kinachoharibika. Kapasita za elektroliti zilizokaa karibu na joto hukauka. Maisha yake hupungua kwa nusu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, kwa hiyo nunua za nyuzi 105, na uziweke mbali na ubavu wa hitisinki. Transista mpya zenye kasi kubwa, zikipachikwa mahali pa zile za zamani, zinaweza kuleta mtetemo wa frikwensi ya juu usiosikika, lakini unaopandisha joto. Hitisinki ikiwa ya moto kuliko hesabu ilivyosema, hilo ndilo la kushuku kwanza. Faraja ni kwamba muundo huu una kapasita kati yake na spika, hivyo transista ikifa kwa kushoti haipeleki volteji mfululizo (DC) kwenye spika. Tumia 4700 µF ili besi isikatwe.

Sauti. Transista hazipokezani zamu, kwa hiyo hakuna ile kasoro ndogo ya mawimbi kuvuka sifuri, na sauti ya chini kabisa hubaki safi. Upande wa pili, wati 10 ni wati 10. Spika yenye unyeti (sauti inayotoa kwa wati moja) wa dB 90 itajaza sebule. Yenye dB 84 itakwama mara tu ngoma zinapoingia.

Inamfaa nani. Mwenye spika nyeti, aluminiamu nyingi, na tabia ya kukaa kusikiliza kisha kuzima.

## Daraja AB: chipu ya LM3886

Joto. Daraja AB hutoa joto kulingana na sauti, ila si kwa namna ambayo wengi hudhani. Kwa umeme wa volti +28 na −28, kila chipu inatumia wati 2.8 hivi ikiwa kimya. Ikitoa wati 1 tu ya sauti, joto linafika karibu wati 11. Kilele cha joto, wati 23 hivi kwa kila chipu, kinakuja pale inapotoa wati 20, karibu nusu ya uwezo wake. Ikifika mwisho wake wa wati 38 joto linashuka tena kidogo. Kwa hiyo usipime hitisinki kwa sauti ya juu kabisa pekee.

Spika ikiwa ya omu 4 kwa umeme uleule, kilele kinaruka hadi wati 42 kwa chipu. Hapa ndipo miradi mingi ya LM3886 inapokwama, na dawa yake ni kushusha volteji. Kwa volti 24 kila upande, omu 4 inarudi kwenye wati 32, mzigo ambao hitisinki nzuri inaubeba.

Hitisinki na boksi. Chukua hewa ya ndani ya boksi kuwa nyuzi 40, na kiini kisizidi 120. Una nyuzi 80. Gawa kwa 22.7, unapata 3.5 °C/W. Toa 1 ya ndani ya chipu na 0.5 ya maika, inabaki 2 °C/W kwa chipu moja, au 1 °C/W kwa hitisinki moja inayobeba zote mbili. Ukishusha umeme hadi volti 24 kila upande na kubaki na omu 8, hitisinki ya 1.6 °C/W inatosha kwa chipu mbili, nawe unapoteza desibeli chache tu za sauti ya juu kabisa. Mara nyingi hilo ni badiliko bora kuliko kutafuta aluminiamu kubwa zaidi.

LM3886T ina mgongo wa chuma uliounganishwa na umeme hasi. Bila maika, hitisinki yako itakuwa na volti −28, na ikigusa boksi lililounganishwa na ardhi, fyuzi au chipu itaondoka. LM3886TF ina mgongo wa plastiki usiopitisha umeme. Ni rahisi kufunga, ila inapitisha joto vibaya zaidi. Kwa aina zote mbili, baada ya kukaza skrubu weka mita kwenye kipimo cha omu kati ya hitisinki na pini za umeme hasi. Isomeke haina mwisho. Ikisoma namba yoyote ndogo, fungua tena. Mara nyingi utakuta unyoya wa chuma kwenye tundu la skrubu uliotoboa maika. Ndiyo maana matundu husafishwa ncha kwa keekee pana kabla ya kitu chochote.

Umeme. Transfoma ya volti 20 mara mbili na 160 VA, rektifaya, na kapasita ya 10,000 µF kila upande. Kwa toleo la volti 24, transfoma ya 18 mara mbili. Hakuna haja ya kuchuja zaidi. Chipu inakataa mawimbi ya pawa saplai vizuri.

Ujenzi. Ni kama vipande kumi na kitu kwa chaneli. Mambo matatu huamua kama itatulia. La kwanza, kapasita za 100 nF na 220 µF zikae sentimita moja au mbili kutoka kwenye pini za umeme. Ukiziacha kwenye bodi ya pawa saplai, chipu inaweza kutetema. La pili, ukuzaji usiwe chini ya mara 10, kwa sababu chipu haina utulivu chini ya hapo. kΩ 20 na kΩ 1 zinakupa takriban mara 20. La tatu, pini ya 8 ni ya kunyamazisha: isipovutwa angalau mA 0.5 kuelekea umeme hasi, amplifaya inabaki bubu. Rezista ya kΩ 22 inatosha kwa volti 28. Watu wamewahi kung'oa chipu nzima kwa kudhani imekufa, kumbe rezista hiyo ilisahaulika.

Washa kwa balbu ya mfululizo. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, kapasita zimejaa na mambo ni sawa. Ikibaki inawaka sana, zima. Kisha pima volteji mfululizo kwenye tundu la spika kabla spika haijaunganishwa: chini ya mV 50 ni vizuri, juu ya mV 100 kuna kosa la kutafuta.

Kinachoharibika. Kinga za ndani za LM3886 ni nzuri kweli. Kiini kikifika nyuzi 165 inajizima, kikishuka hadi 155 inarudi. Dalili yake ni muziki unaokatika na kurudi. Mkwaruzo mkali kwenye mapigo ya besi pekee ni kinga ya transista za nguvu, nayo inakwambia kwamba volteji ni kubwa mno kwa spika hiyo au hitisinki imezidiwa. Usikubali kuzoea mlio huo. Jambo jingine ni chipu bandia, ambazo hufa mapema hata zikiwa ndani ya vipimo. Nunua kwa muuzaji anayejulikana kwa vipuri.

Anayetaka kujenga daraja AB kwa transista tupu badala ya chipu ajue kwamba transista inayodhibiti bayasi (mkondo mdogo unaopita kwenye transista za nguvu hata kukiwa kimya) lazima ifungwe kwenye hitisinki ileile ya transista za nguvu. Volteji ya kuwashia transista hushuka takriban mV 2 kwa kila nyuzi moja, mkondo unapanda, joto linapanda, na mzunguko huo hauishi hadi kitu kiungue. Chipu imekumalizia kazi hiyo ndani.

Sauti. Safi, tulivu, na yenye nguvu za kutosha kwa spika nyingi. Kasoro zinazosikika kwenye miradi ya LM3886 mara nyingi hutoka kwenye waya za ardhi zilizopangwa ovyo: kutanisha ardhi zote kwenye nukta moja karibu na kapasita kubwa.

Inamfaa nani. Mjenzi wa mara ya kwanza anayetaka kuelewa anachokijenga, na mwenye spika asizozijua unyeti wake.

## Daraja D: chipu ya TPA3116D2

Joto. Transista hapa huwaka na kuzima mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, kuanzia 400 kHz, na zaidi ya asilimia 90 ya nguvu inafika kwenye spika. Ikiwa kimya hutumia wati 1 hadi 2 kwa chaneli zote mbili. Ikitoa wati 30 kila upande, joto ni karibu wati 7.

Hitisinki na boksi. Kipande cha sentimita 4 kwa 4 chenye mapezi kinatosha kwa muziki wa omu 8. Lakini wati 7 hizo zinatoka kwenye pedi ndogo iliyo juu ya chipu, na ndipo bodi nyingi zilizo tayari zinapokosea: hitisinki imegandishwa kwa gundi nene, imeinama upande mmoja, au imeegemea kapasita iliyo ndefu kuliko chipu. Itoe, safisha, paka grisi kidogo, kisha ifunge kwa skrubu zinazopita kwenye bodi ili ibanwe sawasawa. Boksi linaweza kuwa dogo, hata la plastiki, mradi lina matundu. Ndugu yake, TPA3118D2, ina pedi chini na inapozwa na shaba ya bodi yenyewe, bila hitisinki.

Umeme. Adapta moja ya volti 24 na ampea 5, au ya kompyuta mpakato ya volti 19 kwa sauti ndogo kidogo. Mwisho wa matumizi ni volti 26, kwa hiyo usijaribu transfoma ya volti 20: ukishairektifai inakupa volti 28.

Ujenzi. Hulehemu chipu yenyewe. Unaunganisha bodi iliyokwisha tengenezwa. Kuna sharti moja lisilo na mjadala: tundu hasi la spika si ardhi. Pande zote mbili za spika zinaendeshwa na chipu. Ukiunganisha hasi za chaneli mbili pamoja, au ukaigusisha moja kwenye boksi, unashoti. Usitumie balbu ya mfululizo kwa adapta ya aina hii, kwani huweza kuwaka na kuzima bila kutulia. Badala yake weka fyuzi ya ampea 3 kwenye waya wa volti 24.

Kinachoharibika. Kapasita za volti 25 zilizowekwa kwenye umeme wa volti 24. Zibadilishe kwa za 35 kabla hazijavimba. Koili ndogo za kutoa sauti, ambazo hujaa sumaku kwenye besi na kuwa za moto kuliko chipu. Ziguse baada ya nusu saa ya sauti kubwa: kama hazishikiki, weka za 10 µH zenye waya mnene na ganda la kuzuia mionzi. Na mlio wa "sss" kwenye tweeter (spika ndogo ya sauti za juu) mara nyingi si ubovu. Bodi imewekwa ukuzaji wa dB 32 au 36. Chipu inakubali 20, 26, 32 au 36, kwa rezista mbili tu.

Sauti. Nzuri kuliko sifa yake, ikiwa koili na kapasita ni za viwango. Redio ya AM iliyo karibu inaweza kuingiliwa. Fupisha waya za spika na uzisokote.

Inamfaa nani. Mwenye nafasi finyu, betri, au kifaa kinachowashwa siku nzima.

## Feni je?

Feni ya volti 12 ikiendeshwa kwa volti 7 ni tulivu, nayo inaweza kupunguza ukinzani wa hitisinki kwa nusu au zaidi. Kwa daraja D haihitajiki. Kwa AB ni msaada mzuri kwa spika za omu 4. Kwa daraja A inakuwezesha kutumia aluminiamu ndogo, lakini sasa maisha ya amplifaya yanategemea feni isiyozibwa na vumbi. Ukiweka feni kwenye daraja A, funga pia swichi ya joto ya nyuzi 70 kwenye hitisinki, ikate umeme feni ikisimama.

## Kuchagua kwa hali yako

Spika zako ni za omu 4: daraja D kwa volti 21, au LM3886 kwa volti 24 kila upande. Muundo wa Hood unahitaji kubadilishwa volteji na mkondo, na joto haliwi dogo.

Amplifaya itakaa ndani ya kabati au chini ya televisheni: daraja D. LM3886 inawezekana kabati likiwa wazi nyuma. Daraja A isiingie kabatini kabisa.

Chumba hufika nyuzi 35 au zaidi: rudia hesabu ukiwa na 45 ndani ya boksi. LM3886 ya volti 28 itataka hitisinki ya takriban 0.9 °C/W, ya volti 24 takriban 1.45. Kwa daraja A zitabaki nyuzi 25 tu za kugawa, yaani chini ya 0.4 °C/W.

Kuna watoto wanaogusa kila kitu: epuka daraja A yenye mapezi ya nje, au funika mapezi kwa wavu wenye nafasi pana.

Huna uzoefu na umeme wa ukutani: anza na daraja D na adapta iliyofungwa, kisha nenda LM3886. Ukifika huko, boksi la chuma liunganishwe na ardhi kwa skrubu yake pekee, na fyuzi iwe kabla ya transfoma.

Umeshapata hitisinki lakini hujui ujenge nini: ipime kwa rezista ya omu 10. Ikisoma juu ya 1.6 °C/W, jenga daraja D. Kati ya 1 na 1.6, LM3886 kwa volti 24. Kati ya 0.5 na 1, LM3886 kwa volti 28. Chini ya 0.5, au ukiwa na vipande viwili vya chini ya 0.9, unaweza kuagiza transista nne za 2N3055.